Penzi la Jumapili Jioni

8 Februari

Chiriku wangu,

Kwanza habari za nyumbani, maana najua ukifungua bahasha utatafuta jina la Bibi yako kabla ya lingine lolote. Hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, likishapigwa na jua anasahau kwamba analo. Paa la jikoni nimeliziba. Mgongo wangu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuinamia televisheni za watu, ni uleule, siulalamikii.

Sasa kazi yako. Kila Jumapili saa kumi na moja jioni nawasha televisheni zote zilizopona, nasingizia nazifanyia majaribio, na karakana inajaa watu. Jumapili iliyopita nilikuona kwenye vioo sita kwa mpigo. Nikuambie ukweli au nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa? Watu hawaamini kwamba wewe na mchumba wako wa kwenye mchezo mnapendana. Mwalimu wa hesabu alisema wachumba hawa wanakaa kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari wa meno. Msusi wa duka la pili akaniomba niongeze rangi, labda mapenzi yamefifia kwenye mitambo. Nilicheka nao. Huyo mwigizaji mwenzako Sauti, alipokuwa redioni alisifiwa nchi nzima kwa maneno yake ya asali, na wewe tangu utoto hujawahi kukosa la kusema. Imekuwaje?

Halafu kuna kitu kimoja kidogo. Mbona kila anapokaa kushotoni kwako unaangalia mlango? Ndani ya hadithi hakuna mgeni anayetarajiwa.

Nijibu ukipata nafasi.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee Bibi mkononi. Mwambie asipande ngazi ya ghala kwa ajili ya goti lile, najua anapanda mkiwa hamumwoni. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha linaloangalia ukuta wa kiwanda cha magodoro, kwa hiyo nikifungua napata upepo wa sponji. Mwenye nyumba ni mjane mkimya, ananipenda kwa sababu sipiki samaki.

Wateja wako hawajakosea, na wala si wao peke yao. Barua za watazamaji huletwa kwenye gunia, na kila Jumatatu mwongozaji anatusomea mbele ya wote, kuanzia watu wa kamera mpaka wa kufagia. Wiki hii mama mmoja ameandika kwamba namkumbatia mchumba wangu kama mtu aliyebebeshwa mtungi wa gesi unaovuja. Wote walicheka. Mimi pia, ilibidi.

Mjomba, watu hawajui kazi hii inavyofanywa. Ile sebule mnayoiona ina kuta tatu tu, na pale pa ukuta wa nne wamesimama watu kumi na wawili na taa zinazochoma. Tunarekodi vipindi viwili kwa siku. Sauti amezoea kusoma redioni, hajazoea kuangaliana na mtu. Mimi nimetoka kwenye jukwaa la chuo. Tutazoeana. Mwongozaji anasema mapenzi yanaanzia machoni, kwa hiyo nafanya mazoezi ya macho kwenye kioo cha bafuni.

Kama wateja wako wanakucheka, usiwaambie mimi ni mpwa wako. Sitaona vibaya.

Chiriku


10 Machi

Chiriku,

Barua yako imefika baada ya siku tisa. Bibi kaisikiliza mara mbili, na ngazi amekana mchana kweupe. Magodoro yamemchekesha sana.

Umeniandikia kurasa mbili nzuri na swali langu hukulijibu. Nilidhani umesahau, lakini wewe si mtu wa kusahau swali. Kwa hiyo nauliza tena, na leo naongeza jingine. Wiki tatu sasa unavaa mikono mirefu. Joto lililopo kwenu nalijua, nimeishi huko. Katika hadithi wewe ni binti wa duka la maua, na vipindi vya kwanza ulivaa kama binti wa duka la maua. Nani kabadilisha?

Na nikueleze kilichotokea Jumapili. Karakana ilikuwa imejaa. Sauti anakuvisha pete, anakuvuta kwake, na watu wanaguna na kuzomea kama kawaida. Bibi yako alikuwa kwenye kiti chake mbele. Akageuka nyuma akawaambia, kwa sauti ile ya chini unayoijua, "Mbona mtoto anaumwa na nyinyi mnacheka?"

Mwalimu akasema, Bibi, ndivyo wanavyoigiza siku hizi. Bibi aliinuka. Alichukua fimbo yake akaenda ndani kabla kipindi hakijaisha, na tangu siku hiyo hajaniuliza habari zako. Anajua mimi ndiye ninayepaswa kuuliza.

Nauliza.

Mjomba


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Niko salama. Mwambie Bibi siumwi.

Meneja wa kituo amesema watazamaji wanapungua kila wiki na kwamba tatizo limejulikana, ni mimi. Mwezi ujao kuna kikao. Kama penzi halijaanza kuonekana, watatafuta binti mwingine, watawaambia watu nilipata ajali na sura ikabadilika. Nimefanya kazi miaka mitano nikiigiza wajakazi na wauguzi wanaosema "daktari anakuja" ili nifike hapa. Kwa hiyo naomba uniache nifanye kazi.

Nguo zinachaguliwa na watu wa nguo.

Ukiniuliza tena habari za mlango, sitajibu.

C.


15 Aprili

Chiriku,

Bibi mzima. Mengine ya nyumbani yatasubiri.

Ulipoacha kuniambia, nilikwenda kutafuta mwenyewe. Unajua nina deki mbili za kurekodia. Tangu kipindi cha kwanza nimekuwa nakurekodi, nilitaka siku ya harusi yako nikupe zawadi ya kanda. Ninazo kumi na tano. Nimefunga karakana siku mbili, nikabandika karatasi mlangoni kwamba fundi anaumwa, nikakaa kuziangalia kwa kitufe cha kusimamisha picha.

Kamera ya mbele haioni kitu. Inaona nyuso zenu mbili na maua. Lakini mnayo kamera ya pembeni, na katika kipindi cha nne wameitumia kwa nusu sekunde. Mkono wake wa kulia umepita nyuma ya mgongo wako, na kidole gumba kimezama kwenye mkono wako wa kulia, juu ya kiwiko, kwa ndani penye ngozi laini. Nimekirudisha mara kumi na nne. Mdomo wako unacheka. Macho ndiyo yanayokwenda mlangoni. Katika kipindi cha sita kidole kipo tena. Kipindi cha saba kipo, na hapo midomo yake iko sikioni kwako na inatembea, na kinachosikika ni muziki tu. Kipindi cha nane ukaanza kuvaa mikono mirefu.

Nilikaa kwenye stuli yangu nikaona aibu, na sio kwa ajili yako. Uliponiandikia kwamba nisiwaambie watu wewe ni mpwa wangu, nilikuwa nimeshakukana tayari. Mwezi wa kwanza, msusi aliuliza, yule si yule msichana aliyekuwa akikaa kwako? Nikasema wanafanana tu. Nilikuwa naogopa kuchekwa, Chiriku. Mwanamume mzima mwenye mvi. Unaminywa mbele ya nchi nzima, na mjomba wako yuko mbele ya vioo sita anasema hakujui.

Jana nimewaambia wote. Nimemwambia mwalimu, msusi, na hata mteja aliyekuja kuchukua pasi yake. Huyo ni mtoto wa dada yangu, nimemlea mimi.

Nimekata tiketi ya basi. Nitafika tarehe 30. Sihitaji uniambie kitu, nionyeshe tu mlango wa hicho kituo.

Mjomba


22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Usije.

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha kupambia, mpambaji amefunga mlango kwa ndani na ananisubiri nimalize. Simu ya ofisi iko mezani kwa mapokezi, kila neno linasikika, ndiyo maana sikukupigia. Nitakueleza yote mara moja, halafu tafadhali usinilazimishe kuyarudia.

Mwezi wa pili wa kazi Sauti aliniomba niende kwake tukafanye mazoezi. Nilikataa kwa upole. Akaniomba tena, nikakataa bila upole. Kipindi kilichofuata alianza. Anaminya mpaka mwongozaji aseme "kata". Nikikunja uso, picha imeharibika na lawama ni zangu, tunarudia, na yeye anaminya tena palepale. Sikioni ananiambia maneno ambayo siwezi kukuandikia wewe. Kamera ikizimwa anamletea kila mtu chai, mimi ananipa ya kwanza, na watu wanasema jamani yule kaka ana moyo.

Nilimwambia mwongozaji. Alisema, "Tumia hayo maumivu. Yageuze yawe mapenzi." Basi nikaacha kusema. Na mimi nilianza kufikiri labda mwigizaji wa kweli angeweza. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko mkono. Kila Jumatatu wananisomea gunia zima la watu wanaosema sijui kupenda, na mimi naingia bafuni kufanya mazoezi ya macho.

Ule mlango unaouulizia. Nyuma yake husimama mpambaji. Yeye ndiye anayepaka poda kwenye alama, ndiye aliyeomba mikono mirefu. Nikimwona pale, najua kuna mtu mmoja anayejua.

Ukija, Mjomba, utampiga. Usibishe, nakujua, ulimpiga kondakta kwa ajili ya begi langu la shule. Ukimpiga, gazeti litaandika kwamba binti asiyejua kuigiza kaleta mjomba wake fundi amtwange mwenzake. Yeye atakuwa na bandeji na mimi nitakuwa kichekesho, na itaishia hapo.

Kikao ni tarehe 9 Mei. Nitumie kanda. Nitumie kanda tu, na uandike dakika na sekunde kwa mwandiko wako mkubwa ule wa kwenye risiti.

Chiriku


28 Aprili

Chiriku,

Kifurushi hiki nimempa dereva wa basi ninayemtengenezea redio, hakipiti posta. Zimo kanda tatu, vipindi vya nne, sita na saba. Nimekata vile vijipande vya plastiki vya nyuma ya kanda ili mtu asiweze kurekodi juu yake, hata kwa bahati mbaya. Nakala ninazo, ziko chini ya kitanda cha Bibi, na Bibi amekaa juu yake.

Kipindi cha nne, dakika 17 na sekunde 22. Cha sita, dakika 9 na sekunde 41, halafu dakika 20 kamili. Cha saba, dakika 12, usisimamishe, acha iende, angalia midomo. Hakikisheni vichwa vya deki ni safi, vikiwa vichafu picha ikisimama itatetemeka, na watapata pa kuponea.

Tiketi bado ninayo mfukoni. Siahidi chochote. Ukisikia nimefika, jua nilishindwa.

Mjomba


11 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Bibi pia. Nimelala saa kumi mfululizo, ndiyo maana sikukuandikia jana.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha meneja, saa nne asubuhi. Tulikuwa sita: meneja, mwongozaji, Sauti, mimi, mpambaji ambaye hakualikwa ila aliingia tu na kukaa, na mhariri wa picha, mama mmoja mnene wa miwani ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya habari za asubuhi. Meneja alianza na idadi ya watazamaji. Kisha akasoma barua tatu. Sauti akaweka mkono kifuani, akasema ananionea huruma, kwamba amejitahidi kunisaidia ila mtu hawezi kupenda peke yake.

Nilikuwa nimepanga maneno, Mjomba, yote yakapotea. Nilisimama nikaweka kanda yako kwenye deki ya meneja. Nikasogeza mpaka dakika kumi na saba. Nikapitiliza, nikarudisha. Hakuna aliyenisaidia na hakuna aliyenizuia. Picha iliposimama, haikutetemeka hata kidogo.

Meneja alisogeza kiti. Akauliza kile ni nini.

"Ni kidole gumba," nikasema. Nikakunja mkono wa nguo mpaka begani.

Alama ni nyingi, Mjomba. Sitakudanganya. Nyingine zimekuwa za njano, nyingine ni za juma lile.

Sauti alicheka. Akasema ni uigizaji, alikuwa anatafuta hisia, na kwamba ngozi yangu huvilia damu kirahisi. Meneja akamgeukia mwongozaji. Mwongozaji alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikaona kabisa jinsi jambo linavyotaka kuzimika, meneja ameshaanza kukusanya karatasi zake, anasema tutaliangalia ndani, kwa utulivu, maana miezi minne yote hakuna mtu aliyewahi kuona kitu.

Hapo yule mhariri akavua miwani. "Mimi nimeona," akasema. "Nimekuwa nakata. Kila wiki nakata vipande ambavyo kidole kinaonekana, nabakiza nyuso. Hiyo ya kipindi cha nne ilinipita. Kama mnataka nilivyokata, viko kwenye sanduku langu, vyote."

Alikuwa analia akisema hivyo. Sijui nimchukie au nimshukuru. Mpaka sasa sijui. Alidhani anakata picha mbaya ili kipindi kipendeze, ndivyo alivyoniambia baadaye kwenye ngazi.

Vipande vile vilichezwa dakika saba. Baada ya pale Sauti hakucheka. Meneja alimwambia atoke, na alipopita karibu yangu, mpambaji alisimama katikati yetu, mfupi vile, na sponji yake ya poda mkononi.

Usifikiri wamekuwa malaika. Mchana ule waliniletea karatasi nitie sahihi kwamba sitazungumza na mtu, na kwamba Sauti anaondoka kwa sababu ya majukumu mengine. Nilikataa kutia sahihi. Saa tisa nilikwenda polisi na mpambaji na sanduku la vipande. Askari alitaka kujua kama hii ni sehemu ya mchezo wa televisheni. Mpambaji alimwambia aandike, naye akaandika, kurasa nne. Jalada lina namba. Litafika wapi sijui.

Nimebakiwa na kipindi kimoja cha kurekodi. Mchumba amesafiri, ananitumia barua ya kuniacha, na mimi natakiwa nilie dirishani. Baada ya hapo mkataba umekwisha, na baada ya mkataba sijui ni nini. Nimepata barua ya kikundi kimoja cha jukwaa, nitakuambia nikiwa na uhakika.

Ile tiketi, Mjomba. Siku ya kikao nilipotoka nje niliangalia ng'ambo ya barabara nikitafuta shati lako la kaki. Nilifurahi kwamba hukuwepo, na nilikuwa natamani sana uwepo.

Chiriku


3 Juni

Chiriku wangu,

Bibi anakusalimu, safari hii kwa maneno mengi ambayo nimeyapunguza. Anataka uje ulale kitandani kwake, yeye atalala chini, goti au si goti. Barua yako ya Mei aliniomba nimsomee taratibu. Niliposoma habari za mkono wako nilitaka kuruka mistari, akaniambia nirudi nyuma nisome.

Tiketi. Siku ya tarehe 8 Mei, siku moja kabla ya kikao chako, nilikwenda stendi na ile tiketi niliyokuwa nimeisogeza mbele. Nilikaa ndani ya basi, kiti cha tano, mpaka dereva akawasha injini, ndipo nikashuka. Yule dereva ananiona nimekuwa kichaa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile ya kurudi. Nilikuwa sitaki kukuambia, lakini umeniambia mengi, nami nikae na moja tu?

Huko polisi wakitaka shahidi wa kanda, mimi ndiye niliyezirekodi. Nitavaa koti.

Sasa Jumapili. Karakana ilijaa kuliko siku zote, maana gazeti lilikuwa limeandika kwamba Sauti ameondoka na watu wana minong'ono yao. Nilikuwa na televisheni saba nzima. Ukatokea dirishani na barua mkononi. Muziki wa huzuni ukaanza. Ulivaa nguo ya mikono mifupi. Mwalimu alishanong'ona kwamba hapa sasa atalia, hapa hata asiyejua kuigiza analia.

Ukaifungua ile barua ukaisoma, na uso wako ukakunjuka polepole kama wa mtu aliyevua kiatu kinachombana baada ya safari ndefu. Nadhani ulijaribu kuuzuia. Niliona ukijaribu. Machozi yalitoka, ndiyo, mawili, lakini mdomo haukukubali. Mwanamke kaachwa wiki moja kabla ya harusi, na anang'aa.

Karakana ilipiga kelele. Msusi akasema huu ni upuuzi mtupu, afadhali hata wangemwacha na yule mwanamume. Mwalimu akaniuliza mimi, kama mzazi, nimemlea vipi binti asiyeweza kuigiza hata huzuni ya dakika mbili. Walikuwa wananiangalia wote, wanasubiri nikutetee.

Niliwaambia wana haki ya kulalamika. Niliwaambia tangu nianze kutengeneza televisheni sijaona mtu akiigiza vibaya kiasi kile. Kisha nikaongeza sauti kwenye zote saba, nikakaa karibu na Bibi, na tukaangalia mpaka mwisho.

Mjomba wako